Vayoleti ya Usambara kwenye mawe ya Dodoma

Fundi wa msingi alipofika kiwanjani kwangu, jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba mawe yaondoke. Vijana wake walikuwa tayari na matairi chakavu. Jiwe linachomwa, likishika moto linapigwa nyundo linapasuka, kesho yake ni kokoto. Mawe mengi ya mji huu yameishia hivyo, hasa tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma na viwanja vikaanza kugombaniwa. Nilimwomba aniachie matatu ya nyuma, yaliyokaa chini ya mkwaju mkubwa. Alinihurumia kwa kupoteza nafasi, lakini aliyaacha.

Leo kwenye nyufa za mawe hayo kuna vayoleti kumi na moja, na kuna wiki ambazo huoni majani vizuri kwa wingi wa maua ya zambarau. Watu wakiingia hawaamini kwamba ua hili linakaa nje hapa kwetu, kwenye upepo na vumbi. Naandika kwa ajili ya wale wanaoniuliza, na kwa wengine wenye jiwe uani ambao wanafikiria kuita vijana wa matairi.

Kwanza ulijue lenyewe. Hii ni vayoleti ile ile inayouzwa kwenye vikopo Ulaya na Marekani, na ni ya kwetu. Asili yake ni misitu ya Tanzania na sehemu ndogo ya Kenya. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, aliipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaipa jina la ukoo huo, Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo wanaiita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Inaniuma kwamba ua lililozunguka dunia nzima kutoka milima yetu, wengi wetu tunadhani limekuja na ndege.

Mimi mwenyewe niliua mawili ya kwanza. Muuzaji mmoja aliniambia niweke samadi ya kutosha, nimwagilie kila jioni, na liote jua la asubuhi. Nikatii yote. Nikachimba shimo la futi moja kando ya jiwe, nikajaza samadi, nikapanda. Wiki ya tatu majani ya katikati yakalegea kama mchicha uliopita moto. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Nilipovuta, shina liliachia mkononi, limeoza, jeusi, lina harufu.

Mwezi huo huo mama mkwe alikuja kutoka Muheza. Alisimama pale, akaangalia lile shimo, akasema, "Mwanangu, hili ni ua la mwambani. Wewe umelizika."

Kule Usambara, akanieleza, linashika ubavu wa jiwe lenye kivuli, karibu na maji yanayochuruzika, na mizizi yake imekaa kwenye majani machache yaliyooza na ule ujani mwororo unaoota juu ya mawe mabichi. Udongo wenyewe hauzidi unene wa vidole. Tangu siku ile niliacha kufikiria kulilisha, nikaanza kulitafutia jiwe linalofaa.

Na hapa ndipo penye kazi, kwa sababu jiwe la Dodoma si jiwe la Amani, kule kwenye milima ya Usambara. Kule mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, huku kwetu kwa kawaida hata 600 hazifiki, tena zote zinamwagika kati ya Desemba na Aprili. Kivuli nacho kinahama. Tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta. Kuanzia Aprili hadi Septemba jua la mchana linapita kaskazini yetu, kwa hiyo ubavu wa kusini wa jiwe unakaa kivulini, na ukiuona Julai utasema hapa ndipo. Mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini, kisha linahamia kusini mpaka mwanzoni mwa Machi. Ubavu ule ule uliokuwa wa ubaridi unachomwa Novemba, mwezi ambao hata mbuzi wanatafuta pa kujificha. Ndiyo maana kivuli cha jiwe peke yake hakitoshi. Unahitaji jiwe ambalo lenyewe limefunikwa na mti. Mkwaju ni mzuri mno kwa sababu vijani vyake vidogo vinachuja mwanga bila kuleta giza. Mwembe ni mzito kidogo, chini yake vayoleti yangu moja ilirefusha vikonyo ikitafuta mwanga na haikutoa hata tumba moja.

Kuna kipimo ninachokiamini kuliko macho. Nenda kwenye jiwe lako saa mbili usiku, siku iliyokuwa na jua kali, uweke kiganja. Kama bado lina joto la sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu, usipande hapo. Jiwe lililoota jua mchana kutwa linaendelea kuipika mizizi usiku, hata kama majani yalikuwa kivulini. Jiwe langu kubwa kuliko yote, ambalo ndilo nililotaka lipendeze, lilifeli kipimo hiki. Nimelipanda mikonge ya mapambo, nayo imeridhika.

Upepo ndio adui wa pili. Kuanzia Julai mpaka Oktoba unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki, mkavu, na unanyonya unyevu kwenye majani haya yenye manyoya kuliko jua lenyewe. Nilizungusha ua mfupi wa mabua ya mtama, urefu wa kiuno, hatua mbili kutoka kwenye mawe. Mzee jirani yangu ndiye aliyenifungia, kwa mafundo ya kamba za mbuyu ambayo mpaka leo hayajalegea. Kila baada ya mavuno nabadilisha mabua.

Kupanda kwenyewe ni hivi. Tafuta ufa au kishimo kwenye jiwe, umimine kikombe cha maji na utazame yanatokea wapi. Yakituama, achana napo. Yakipotea taratibu kwa chini, panafaa. Changanya sehemu mbili za majani yaliyooza, sehemu moja ya mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yawe meupe, na sehemu moja ya chengachenga za mkaa zenye ukubwa wa punje ya mahindi. Jaza unene wa vidole vinne, basi. Samadi usiweke kabisa. Kisha panda kwa mshazari, moyo wa mmea ukiangalia pembeni badala ya juu. Hili hakuna aliyeniambia, niliona kwamba yale niliyoyapanda yamesimama wima yaliozea katikati mvua za Januari zilipopiga, na yaliyolala upande yalibaki mazima. Ukifikiri, ndivyo linavyokaa kwenye ubavu wa mwamba, maji hayapati pa kutuama kwenye moyo.

Maji sasa. Angalia birika lako la chai. Ule ukoko mweupe uliogandia chini ndio huo huo unaojikusanya kwenye udongo wa maua, na mizizi ya vayoleti ni myembamba mno kustahimili chumvi ya visima vyetu. Mimi nakinga mvua kwenye tenki na maji hayo hayaguswi kwa kazi nyingine yoyote. Wanangu wanajua. Maua kumi na moja hayanywi mengi, ndoo moja ya lita 20 inanitosha zaidi ya wiki hata wakati wa kiangazi.

Ndoo hiyo siimwagi juu. Nilinunua vyungu vidogo vya udongo, vile visivyopakwa rangi wala kung'arishwa, vya ukubwa wa ngumi mbili, nikavifukia mpaka shingoni kwenye kila kundi la maua. Kila siku ya tatu najaza maji na kufunika na kigae. Chungu kinatoa jasho taratibu, udongo wa pembeni unabaki na unyevu bila kulowa, na hewa ya pale chini ya jiwe inapoa. Ukichomeka kidole kando ya chungu Septemba, wakati uani kote ni vumbi, unakuta ubaridi kama wa mtungini. Kama huna vyungu, mwagilia asubuhi kwa kikombe kwenye udongo, usiguse majani. Maji ya baridi yakitua juu yake yanaacha mabaka ya kahawia yasiyofutika.

Mbolea, kijiko cha chai cha mboji iliyoiva vizuri kwa kila mmea, mara mbili kwa mwaka. Wadudu weupe kama pamba wakiingia kwenye vikonyo, wapanguse kwa kijiti chenye pamba na spiriti kabla hawajaenea. Maua yaliyonyauka yakate.

Kuongeza idadi hakuhitaji hela. Chukua jani la safu ya kati, lisiwe changa wala la zamani, ubakize kikonyo cha vidole viwili, ukikate kwa mshazari na kukichomeka kwenye mchanganyiko ule ule, ndani ya kikopo kivulini. Funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hivi, na kwenye mwezi wa pili au wa tatu utaona vijani vidogo kama masikio ya panya vikichungulia kwenye shina la jani mama. Ua la kwanza mimi nililipata mwezi wa kumi.

Majani yangu ya mwanzo aliniletea mama mkwe kutoka kwenye vikopo vyake mwenyewe, yakiwa yamefungwa kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya kontena la chakula. Yalisafiri na basi kutwa nzima, na kati ya sita manne yalishika. Naomba sana, na wewe yatafute hivyo hivyo kwa mtu au kwenye bustani ya miche. Ukitembelea Amani ukaliona likining'inia mwambani, liache. Aina nyingine zimebaki kwenye vipande vidogo tu vya msitu, na mche mmoja unaong'olewa pale hauna wa kuuziba.

Mwezi mzuri wa kuanza ni Machi mwishoni. Mvua inaelekea kuisha, tenki limejaa, jua ndiyo linahamia kaskazini, na mche unapata miezi mitatu ya kushika jiwe kabla upepo wa Julai haujaanza.