Kwa mnaoanza kutabiri kelele za meli chini ya bahari

Mkianza hii kazi najua mtakimbilia wapi, kwenye modeli ya jinsi sauti inavyosafiri majini, maana ndo inaonekana ya kisomi. Mi pia nilifanya hivyo, wiki kadhaa nakomaa na fomula, afu ramani inatoka nakuta meli ya mizigo imekatiza nchi kavu. Fomula zilikuwa poa tu, data ya AIS (mfumo wa redio ambao meli inatangaza ilipo, mwendo wake na taarifa zake) ndo sikuwa nimeisafisha hata kidogo.

Meli ikitembea inatuma ilipo kila sekunde 2 hadi 10, ikitia nanga ni kila dakika 3, ila urefu na aina ya meli ni vitu binadamu kajaza kwa mkono, so utakutana na meli ya mita 0 na usishangae. Afu wanaolazimishwa kuwa na AIS ni hasa meli za tani 300 kwenda juu zinazosafiri kimataifa, na za abiria, boti ndogo kibao hazimo kabisa, kwa hiyo karibu na pwani modeli itakwambia kimya huku haidrofoni (maikrofoni ya chini ya maji) inarekodi kelele. Usikimbilie kuilaumu haidrofoni (japo mkondo ukiwa mkali nayo inarekodi maji yanayoipiga, hasa kwenye hezi za chini, yani sauti nzito).

Sasa mwendo, hapa tulia. Kelele nyingi zinatoka kwenye propela, viputo vinajitengeneza na kupasuka, na kadri meli inavyokimbia ndo balaa. Modeli kadhaa zinatumia 60 log ya uwiano wa mwendo, yani meli ikishuka noti 20 hadi 10 (noti ni maili ya baharini kwa saa) unapunguza desibeli 18, ila hiyo meli itakaa eneo lako muda mara mbili so kwenye jumla ya nishati unarudisha 3, wengi wanasahau hii. Na mwendo wa AIS umepimwa kwa ardhi wakati propela inahangaika na maji. Meli inasoma noti 9, kumbe mkondo wa noti 3 unaipiga usoni, propela inafanya kazi ya 12, hapo umeshakosea desibeli 7 na nusu na hujui.

Desibeli nazo hazijumlishwi kama machungwa jamani. Meli mbili za 170 kila moja zinakupa 173. Wala usizilinganishe na za hewani, majini tunaanzia shinikizo la mikropaskali 1, hewani 20.

Ushauri wangu, chukua sehemu moja tu yenye haidrofoni, tumia fomula rahisi ya sauti inavyopungua kwa umbali, angalia bendi za hezi 63 na 125 ambazo Umoja wa Ulaya wanazifuatilia kwa ajili ya kelele za meli. Linganisha modeli na haidrofoni kwa thamani ya kati (median, ile inayokaa katikati ukizipanga zote), sio wastani peke yake, maana meli moja ikipita jirani inauvuta wastani wote. Zikikaribiana ndo ufungue ile modeli kubwa, na hapo ndo utaanza kuniuliza habari za matope ya sakafu ya bahari.