Kwa wadogo zangu mnaoomba masta: anayesoma maombi yako hakujui

Kila mwaka baridi ya Arusha inapoanza kulegea, kuanzia Agosti hivi, simu yangu hupokea ujumbe wa aina moja. "Shikamoo dada, nimeona skolashipu ya masta, inafungwa keshokutwa, naomba unisaidie insha." Naitikia, kisha nauliza mambo mawili. Transkripti, yaani hati ya alama zako za chuo, unayo mkononi? Wadhamini wako, yaani walimu watakaokuandikia barua za kukupendekeza, wanajua kwamba unaomba? Mara nyingi jibu ni hapana kwa yote mawili. Hapo insha, hata iwe nzuri namna gani, haina pa kwenda.

Mimi ni mtoto wa Maji ya Chai. Shahada ya kwanza nilisomea Dar es Salaam, nikarudi nyumbani kufanya kazi kwenye mradi wa maji vijijini. Niliomba masta misimu miwili. Msimu wa kwanza niliomba vyuo sita, vikanikataa vyote sita. Msimu wa pili niliomba vitatu tu, nikapata viwili. Kati ya misimu hiyo akili yangu haikuongezeka, wala GPA yangu, wastani wa alama za chuo, haikusogea hata nukta moja. Nilichokuwa nimeelewa ni kwamba yule anayesoma maombi yangu hanijui. Hajui Maji ya Chai iko wapi, hajui chuo changu kinatoaje alama, na mezani ana mafaili mengine mengi. Anachokijua juu yangu ni kile nilichomtumia. Nisichokiandika, kwake hakipo.

Anzeni na majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, na kwenye kitambulisho cha NIDA jina la babu limeandikwa kwa herufi nyingine kabisa. Sisi tunaelewa ilivyotokea. Karani wa udahili aliye Uholanzi anaona watu watatu tofauti. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA, transkripti, NIDA na pasipoti, ulinganishe herufi kwa herufi, na ufanye hivyo miezi mingi kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa. Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kiapo, na uambatishe hiyo hati kila unapoomba. Transkripti nayo ina safari yake. Yangu ilichukua wiki saba kwa sababu ya kitabu kimoja cha maktaba kilichoonekana hakijarudishwa. Kilikuwa kimerudishwa, lakini kuthibitisha hilo kukala muda ambao sikuwa nao.

Sasa alama, kwa sababu hapa vijana wengi wazuri wanajiumiza wenyewe. Vyuo vyetu vingi vinatumia GPA ya 5. Ukiwa na 3.8, wewe una daraja la pili la juu, ambalo kwetu linaanzia 3.5 na kuishia 4.3, na hayo ni matokeo ya kujivunia. Ukiiandika 3.8 kwenye fomu ya Marekani bila kusema ni kati ya 5, utakuwa umejiongezea alama bila kukusudia, maana wao wanapima kwa 4, na transkripti ikifika utaonekana mdanganyifu. Ukiigawanya mwenyewe kwa hesabu ya darasani unapata 3.04, ambayo inakushusha kuliko unavyostahili. Ujerumani ni kinyume kabisa: 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu. Kwa fomula wanayoitumia, 3.8 yako, ikiwa chuo chako kinahesabu 2.0 kuwa alama ya chini ya kufaulu, inakuwa 2.2. Kwa hiyo usibadilishe chochote kwa kubahatisha. Andika "3.8 kati ya 5.0, daraja la pili la juu", na kama nyuma ya transkripti kuna maelezo ya madaraja, skani na ukurasa huo pia. Nimeona watu wakiskani upande wa mbele tu, na upande unaowatetea ukabaki kwenye bahasha.

Nitakaa zaidi kwenye habari ya wadhamini, maana hapo ndipo msimu wangu wa kwanza ulipovunjikia.

Tumelelewa kwamba mkubwa hasumbuliwi. Nilimwandikia mwalimu wangu mmoja: shikamoo Dokta, naomba uwe mdhamini wangu. Akajibu, "Sawa." Basi, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mtu mzima akishasema sawa, kumkumbusha ni kumvunjia heshima. Tarehe ikapita, barua yake haikufika hata chuo kimoja. Hakuwa na ubaya wowote na mimi. Alikuwa na mitihani ya wanafunzi mia kadhaa ya kusahihisha, na barua ya mfumo wa chuo cha nje, iliyokuja kwa Kiingereza kutoka anwani asiyoijua, ilikuwa imeangukia kwenye taka za barua pepe. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia aitazame huko.

Msimu wa pili nilipanda basi la alfajiri kutoka Arusha kwenda Dar, nikamfuata ofisini. Nilibeba ukurasa mmoja nilioupiga chapa. Juu yake niliandika ninaomba chuo gani, kozi gani, na lini inafungwa. Chini nikamkumbusha mimi ni nani: mwaka niliosoma somo lake, alama niliyopata, mada ya mradi wangu wa mwaka wa mwisho, na siku ile kipimo cha maabara kilipoharibika nikarudia sampuli zote upya. Dokta alisoma, akavua miwani, akasema, "Hili la sampuli nilikuwa nimelisahau. Hili ndilo nitakaloliandika." Baadaye nilielewa kwa nini. Barua isemayo kwamba fulani ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu inaweza kumhusu mtu yeyote. Barua isemayo kwamba fulani alirudia sampuli zote bila kuambiwa inamhusu mtu mmoja tu duniani.

Baada ya hapo nilimkumbusha mara tatu, na kila mara kwa adabu: siku mfumo ulipomtumia kiungo, wiki mbili kabla ya kufunga, na siku tatu kabla. "Shikamoo Dokta, samahani kwa usumbufu, nakukumbusha ile barua, mwisho ni Ijumaa." Alijibu zote tatu, na hakukasirika. Wadogo zangu, kumkumbusha mkubwa jambo alilokubali mwenyewe si utovu wa nidhamu. Utovu wa nidhamu ni kumfuata saa sita kabla ya kufunga na kumtaka aache kila kitu.

Kuna wengine watakaokwambia, "Andika mwenyewe, nilete nisaini." Naujua ugumu wa kumkatalia mwalimu, lakini mkipokea, barua mbili au tatu zitatoka na sauti ile ile ya insha yenu, na msomaji mzoefu huligundua hilo upesi. Mpe ukurasa wa hoja kama ule wangu, umwambie, "Nimekuandalia kumbukumbu, Prof, ili usianze mwanzo." Wengi hukubali, maana kazi imepungua. Na muombe atumie anwani ya barua pepe ya taasisi yake. Vyuo vingi huitilia shaka barua iliyotoka kwenye anwani ya kawaida ya Gmail.

Insha yangu ya kwanza ilianza kwa kusema kwamba tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya sayansi na ndoto ya kuisaidia jamii yangu. Haikuwa uongo. Lakini ingeweza kuandikwa na mtu wa Lima au wa Dhaka bila kubadilisha hata nukta. Ya pili nilianza na meno yangu. Yana madoa ya kahawia, kama ya wengi tuliokulia kwenye miteremko hii ya Mlima Meru, kwa sababu maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa kuna maeneo ambayo kuishusha zaidi ya hapo kulikuwa kugumu mno. Nikaeleza kazi yangu: nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba kukagua ndoo za kuchujia floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa, nikakuta familia nyingine zimeziacha. Kuna mama aliyeniambia hajui mifupa ile ni ya mnyama gani, na kwa imani yake hawezi kuyanywa maji hayo. Swali langu likawa kwamba maabara tunajua mkaa huo unafanya kazi, je, tutapataje kichujio ambacho mama yule atakitumia? Nikataja kozi mbili za chuo nilichokuwa naomba zinazogusa swali hilo, na maabara ambayo ningependa kufanyia kazi.

Hapo ndipo nilipoona kwamba vitu tunavyovionea aibu au kuviona vya kawaida ndivyo msomaji wa mbali asivyoweza kuvipata kwa mtu mwingine. Uliyekulia Kibosho kwenye kahawa ya mzee, ukaona bei ikipanda na kushuka na chama cha msingi kikisuasua, una swali la uchumi tayari. Uliyejitolea hospitali pale Moshi ukaona wagonjwa wa kisukari wakiacha dawa, unalo lako. Liandike kwa maneno ya kawaida, pamoja na ulichokifanya wewe, si kilichofanywa na mradi.

Kazi hizo za kujitolea pia zihesabuni kwa saa. Skolashipu ya Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na kujitolea kunahesabiwa. Kozi za masuala ya maendeleo zinazofadhiliwa na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, zinataka angalau miaka miwili ya kazi, na shahada yako ya mwisho kwa kawaida isiwe na zaidi ya miaka sita. Wengine wanasubiri hadi "watulie kimaisha", na wakirudi wanakuta miaka sita imepita. Matokeo ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nayo hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo msikimbilie mtihani kabla ya kujua mnaomba lini. Na kabla hamjalipa, kiulizeni chuo kama kitakubali barua ya chuo chenu kwamba mlifundishwa kwa Kiingereza. Vingine vinakubali.

Kuhusu saa, nisikilizeni vizuri. Rafiki yangu wa Moshi alisoma kwamba dirisha linafungwa saa 12:00 UTC, yaani saa za kimataifa, si zetu. Kichwani akasoma saa kumi na mbili jioni. Saa kumi alasiri alikuwa kwenye steshenari karibu na stendi akiskani cheti cha mwisho, na mlango ulikuwa umeshafungwa saa nzima. 12:00 UTC ni saa tisa alasiri kwetu. Tangu siku ile kila tarehe ninaiandika ukutani kwa saa zetu za Kiswahili, kisha narudisha nyuma siku tatu, kwa ajili ya umeme, bando, na siku ambayo kila mtu duniani anabonyeza pamoja na tovuti inagoma.

Mawakala wanaodai pesa kwa ajili ya "kuwahakikishia nafasi", waacheni. Nafasi haihakikishwi na mtu wa pembeni.

Barua ya udahili ikija, furahini, lakini jueni kwamba bado si pesa. Mimi nilipata Ujerumani bila ufadhili. Watu wakasema Ujerumani kusoma ni bure. Kweli, vyuo vingi vya umma havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Lakini kwa viza unatakiwa uonyeshe pesa ya kujikimu, na tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904 kwa mwaka, zikiwa kwenye akaunti maalumu. Baba alikuwa tayari kuuza shamba. Nilimkatalia, na sijutii hata siku moja.

Nafasi yangu ya pili ilikuwa hapa hapa Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela, na mradi wa utafiti ulinilipia. Kuna waliosikitika kwa niaba yangu, eti nimekosa kupanda ndege. Nawaambia nilichokiona: maji niliyotaka kuyachunguza yalikuwa kilomita chache kutoka maabara, na msimamizi wangu aliyajua kama ninavyoyajua. Anayesoma mambo ya ushirika ana chuo chake Moshi, wa afya ana chuo cha KCMC huko huko. Ombeni nje, ombeni na nyumbani, kwa uzito ule ule.

Kisha waambieni wadhamini wenu matokeo, mazuri na mabaya, kabla hamjayaweka kwenye status. Dokta wangu aliambiwa siku ile ile. Na nafasi mnayoiacha, iandikieni chuo mapema kwamba hamwendi, mistari miwili inatosha. Mimi nilichelewa wiki mbili kuwaandikia Wajerumani kwa sababu iliniuma kuandika. Kwenye orodha ya kusubiri kulikuwa na mtu anayefungua barua pepe kila asubuhi, kama nilivyokuwa nikifungua mimi.