Muulize Mama Fundi: Seli 24 hazitoshi

Mama fundi, hujambo. Mimi ni kijana wa Bahati, Nakuru, natengeneza simu. Nimenunua katoni ya seli za sola zisizo na fremu, za inchi 3 kwa 6. Kila moja imeandikwa volti 0.5 na ampea 3.6, na chache zimemegeka pembe. Nataka kuunda paneli ya kuchaji betri ya volti 12, iwashe taa za nyumba ya mama na kuwapa vifaranga joto usiku. Fundi mmoja wa hapa ameniambia seli 24 zinatosha, kwa sababu 24 mara nusu volti ni 12. Nyuma nitaweka plaiwudi, tayari ninayo. Nianzie wapi?

Sijambo, mwanangu. Kuzidisha kwa huyo fundi ni sawa, lakini paneli ya seli 24 haitaijaza betri yako hata siku moja. Umeme hauingii kwenye betri mpaka volti za paneli zizidi zile za betri yenyewe, na betri ya asidi ya volti 12 ikikaribia kujaa huhitaji kusukumwa kwa volti 14.4 hivi. Halafu kuna joto. Ile nusu volti iliyoandikwa ni ya seli yenye nyuzi 25. Juu ya mabati saa saba mchana, hata huko kwenu kwenye baridi, seli hufika nyuzi 55, na kila nyuzi inayopanda huiibia kila seli kama volti 0.002. Seli zako 24 zitashuka hadi volti 10 na nusu. Panga 36 kwa mfuatano kama mawe ya tochi, chanya ya hii ishikane na hasi ya ile. Utapata volti 18, na joto likishachukua fungu lake zitabaki karibu 16. Zihesabu seli za paneli yoyote kuukuu ya betri ya volti 12 hapo mtaani na mara nyingi utakuta ni hizo hizo 36.

Usiwashe chuma cha kulehemu bado. Zipime kwanza, moja moja, juani karibu na saa sita. Uso wa bluu ni hasi, mgongo wa kijivu ni chanya. Mita ikiwa kwenye volti, seli nzima husoma 0.55 au zaidi kidogo. Ile iliyomegeka pia itasoma vivyo hivyo, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa maana volti haijali ukubwa wa seli. Kinachopungua ni ampea. Hamisha waya wa mita kwenye tundu la ampea 10, pima tena, kisha andika namba nyuma ya kila seli kwa kalamu ya wino. Kwenye mfuatano, ampea za wote huburutwa na aliye dhaifu: ukichanganya seli 35 za ampea 3.6 na moja ya ampea 2, paneli nzima itakupa kama ampea 2. Zilizomegeka ziweke kando. Siku nyingine zitakupa paneli ndogo ya kuchaji simu pale kazini kwako.

Sasa kulehemu. Seli ni nyembamba mno, unene wake ni kama milimita 0.2 tu, kwa hiyo ilaze juu ya kioo au kigae kilicho sawa kabisa, usiifanyie kazi kwenye meza ya mbao yenye mawimbi. Utaona mistari miwili mipana yenye rangi ya fedha ikikatiza uso. Pitisha flaksi, ile dawa inayosaidia solda kushika, juu ya mstari, laza utepe wa shaba uliopakwa solda, kisha telezesha ncha ya chuma polepole toka mwanzo hadi mwisho. Usikandamize. Wanafunzi wangu hapa Kibuye, Kisumu, seli zao nyingi hupasuka kwa kukandamiza, si kwa moto, kwa sababu solda isiposhika upesi mkono huongeza nguvu wenyewe. Isiposhika, shida iko kwenye ncha chafu, flaksi kidogo, au chuma kisicho na wati za kutosha. Cha wati 60 kinafaa kwa utepe huu. Kila utepe uwe na urefu wa zaidi kidogo ya inchi 6, nusu ishike uso wa seli hii na nusu iliyobaki ishike mgongo wa seli inayofuata. Acha nafasi ndogo kati ya seli na ukunje utepe kidogo hapo, maana vyote hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na utepe uliokazwa hukatika. Kila ukimaliza mstari mmoja wa seli, utoe juani uupime kabla ya kuendelea.

Plaiwudi yako itengenezee rafu ya ukutani, si paneli. Nasema hivi nikijua umeshaigharamia. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei mbao hunywa maji na kuvimba, huvuta seli zilizogundishwa juu yake, na unyevu unaobaki ndani hula mistari ya fedha na kuacha ukijani kwenye tepe. Paneli nyingi za nyumbani zinazoletwa kwangu zimekufa kwa maji. Kiwandani, kama pale Naivasha ambako paneli zinaunganishwa tangu 2011, seli hulazwa kati ya karatasi za plastiki angavu na kuokwa bila hewa mpaka kila kitu kiwe kitu kimoja na kioo. Sisi hatuna mashine hiyo. Nunua kioo kilichoimarishwa kwa moto kiwandani (tempered), kwani Nakuru mnajua mvua ya mawe, na fremu ya alumini. Gundisha seli kwa tone moja la silikoni angavu katikati ya kila moja ili ziweze kutanuka, ziba kingo zote kwa silikoni, na nyuma weka bamba la plastiki gumu lisilonywa maji.

Paneli ikikamilika, usiiunganishe na betri moja kwa moja. Pitisha kwenye kontrola ya chaji, kifaa kinachozuia betri kujazwa kupita kiasi, ambacho pia huzuia betri kurudisha umeme kwenye paneli usiku, na weka fyuzi karibu kabisa na betri. Kiungo kilicholegea hupata moto, kwa hiyo paneli uliyoiunda mwenyewe isikae kamwe juu ya paa la nyasi. Iweke kwenye mabati au kwenye nguzo, ukiiinamisha nyuzi 10 hadi 15 mvua iteremke na vumbi. Uso wake uelekee kaskazini au kusini, huko kwenu karibu na ikweta tofauti ni ndogo.

Vifaranga, hapana. Balbu ya joto ya wati 100 ikiwaka saa 12 hula wati-saa 1,200. Paneli yako ni ya wati 65, na jua la siku moja ya Nakuru ukilikusanya ni kama saa 5 za jua kamili, yaani wati-saa 325, kabla ya kinachopotelea kwenye betri na nyaya. Taa nne za LED za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100 tu; mama atakaa kwenye mwanga na simu zitachajiwa. Vifaranga waendelee na jiko la makaa ndani ya chungu, na dirisha la banda libaki wazi kidogo juu, moshi wa makaa unaua hata usipoonekana.

Na kama shabaha yako ni kuokoa pesa, ongeza kwanza bei ya kioo, alumini, tepe na silikoni, kisha uliza bei ya paneli mpya ya wati 60 mjini. Ya dukani huenda ikawa nafuu. Mimi bado nataka uiunde, kwa sababu fundi aliyewahi kulehemu seli 36 kwa mkono wake anaweza kuchunguza paneli ya mtu yeyote.

Paneli yangu hapa Ahero inachaji vizuri asubuhi, kuanzia saa nane inalala. Kuna tawi la mwembe linalogusa pembe moja tu. Laweza kuwa ndilo? — Mama wa watoto watatu

Ndilo, dada. Seli zimefuatana, kwa hiyo kivuli kwenye seli moja hubana umeme wa nyingine zote zilizo kwenye mfuatano huo. Kata tawi au sogeza paneli. Ukifuta vumbi, tumia maji na kitambaa laini asubuhi kioo kikiwa bado baridi.

Kioo cha paneli yangu kimevunjwa na jiwe, Kakamega. Naweza kutoa seli niziweke kwenye fremu mpya?

Hazitoki. Ile plastiki iliyookwa imezishika na kioo, ukizibandua zinageuka vipande. Pima volti zake juani: kama bado inatoa 18 au zaidi bila kuunganishwa na kitu, ifunike kioo chote kwa silikoni angavu kabla mvua haijaingia kwenye nyufa, na uitumie kwa taa tu.