Kuuza gemu la RPG Maker MZ: mipaka ya kuijua mapema

Ndugu, umeuliza kama RPG Maker MZ, programu ya kutengenezea magemu, inatosha kwa gemu utakaloliuza Steam (duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta) na kwenye simu za Android. Kwa Steam inatosha kabisa. Kwenye simu ndiko utakakohangaika.

MZ haikutolei APK, yaani faili la kusakinisha gemu kwenye Android. Unatoa toleo la wavuti, kisha unaligeuza mwenyewe kuwa programu ya simu kwa zana kama Cordova au Android Studio. Tatizo kubwa zaidi ni matukio (mafungu ya amri unayoyaweka kwenye ramani ya gemu) yanayoendeshwa sambamba: hukaguliwa kila fremu, yaani kila picha ya skrini inapochorwa upya, mara 60 kwa sekunde, na yakijaa kwenye ramani moja simu dhaifu hukwama. Weka amri ya kusubiri fremu 10 hadi 30 ndani ya kila tukio lisilohitaji haraka. Picha nazo: moja ya pikseli 4096 kwa 4096 hula MB 64 za kumbukumbu ikifunguliwa, hata faili likiwa dogo.

Soma leseni ya kila plagini, yaani programu ya nyongeza, unayoitumia. Nyingine haziruhusu biashara.

Kabla ya kuchora ramani zote, tengeneza moja iliyojaa kuliko zote na uijaribu kwenye simu ya RAM ya GB 2. Ikishindwa hata baada ya marekebisho hayo, hamia Godot, programu nyingine ya kutengenezea magemu, sasa hivi, maana matukio ya MZ hayahamishiki. Yote utayaandika upya.