Kabla hujamkuza mtu, tazama alikosimama

Tulikuwa tukicheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kurusha kete, nami ndiye msimamizi anayesimulia na kuamua. Mpiganaji wetu alikuwa katikati ya daraja la kamba pale mchawi aliposema, "Namkuza." Kitabu cha kanuni kinasema aliyekuzwa huwa maradufu kwa urefu, upana na unene, na uzito wake huzidishwa mara nane. Nikapiga hesabu: mtu na silaha zake kilo mia moja, sasa ni mia nane. Nikatangaza kwamba daraja limekatika. Mpiganaji akatumbukia korongoni, na rafiki yetu aliyekuwa akimcheza akanyamaza hadi tulipokunja meza usiku ule.

Hesabu haikuwa na kasoro. Kosa langu lilikuwa kuificha. Mchawi aliyesoma vitabu vya uganga tangu utotoni anajua anachokifanya, na askari aliyesimama juu ya kamba anazisikia zikilia chini ya miguu yake. Wachezaji walioketi sebuleni hawasikii chochote ila ninachowaambia mimi. Nilipaswa kusema, "Kamba zinalalamika kwa uzito huu wa sasa. Ukimkuza hazitahimili. Bado unataka?" Siku hizi nasema hivyo kila mara, na ningependa kila msimamizi wa mchezo anayeanza Dungeons & Dragons aanze nalo hilo.

Sisi tunacheza kwa Kiswahili, tukitumia toleo la tano kama lilivyotoka mwaka 2014. Kanuni zake za msingi ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons Januari 2023, kwa hiyo unaweza kuzisoma bila kununua kitabu. Afsuni yenyewe, yaani uchawi wa kutamka, inaitwa Enlarge/Reduce. Mezani kwetu tunasema kuza na punguza. Ni ya ngazi ya pili ya uchawi, inamfikia mtu au kitu kilicho ndani ya futi 30, na inahitaji unga kidogo wa chuma. Inadumu dakika moja, yaani raundi kumi za mapigano, mradi mchawi asipoteze umakini. Asiyetaka kubadilishwa anarusha kete ya kujinusuru kwa kutumia ustahimilivu wa mwili wake.

Wageni wengi huvutiwa na madhara ya ziada: silaha ya aliyekuzwa inaongeza kete moja ya pande nne. Wastani wake ni mbili na nusu kwa kila pigo linalopata. Si haba, lakini kama hicho ndicho unachokitafuta, mchawi wako ana njia bora za kutumia nafasi hiyo ya uchawi.

Utamu uko kwenye kukamata. Kanuni inakuruhusu kumkamata kiumbe anayekuzidi daraja moja tu la ukubwa. Binadamu ni wa kati, kwa hiyo anaishia kwa viumbe wakubwa. Jitu la milimani na joka lililokomaa wako daraja la juu zaidi, na hapo binadamu hana lake. Mkuze, naye anakuwa mkubwa. Sasa mkono unafika. Tena majaribio yake yote ya nguvu anayarusha kwa kete mbili za pande ishirini na kuchukua namba ya juu. Joka likishikwa mwendo wake unakuwa sifuri, na kiumbe arukaye kwa mabawa mwendo ukiisha anaanguka. Nimeona pambano lililokuwa linatumaliza likigeuka kwa raundi moja kwa sababu mtu alilidaka joka kabla halijapanda juu.

Unaweza pia kupita mlango wa pili: punguza jitu lenyewe ili liingie kwenye daraja ambalo mwenzako wa kawaida anaweza kulishika. Kwa karatasi ni njia nzuri zaidi, maana jitu linabaki likijinasua kwa namba ya chini kati ya kete mbili. Lakini majitu yana miili migumu. Nimeshuhudia afsuni nyingi zikipotea bure hivyo, kwa hiyo ushauri wangu ni kumkuza rafiki, ambaye hakatai.

Sasa nafasi. Mtu wa kati anachukua mraba wa futi tano kwa tano. Mkubwa anataka kumi kwa kumi. Ukimkuza kwenye ujia mwembamba au chini ya dari ya futi nane, kitabu kinasema atakua hadi pale nafasi inaporuhusu na kuishia hapo. Havunji ukuta, wala hapasuki ndani ya deraya yake, kwani alichovaa na alichobeba hukua naye. Mezani kwangu, aliyekwama njiani anapata nguvu na kete ya pande nne, ila hahesabiwi kuwa mkubwa kwa ajili ya kukamata. Huo ni uamuzi wangu, na nautangaza kabla ya afsuni kutamkwa. Kingine cha kukubaliana mapema ni urefu wa mkono. Katika toleo la 3.5 la mwaka 2003, aliyekuzwa alipiga hadi futi kumi. Toleo la tano halitoi hilo, na anayetoka kule atakuja akiwa na uhakika kwamba linatoa.

Hesabu ya uzito nayo ina mwisho wake. Mpiganaji mwenye alama 16 za nguvu anabeba ratili 240, na akiwa mkubwa uwezo huo unakuwa maradufu tu, 480. Deraya yake ya minyororo ina ratili 55. Zidisha mara nane upate 440. Ongeza ngao na upanga, tayari amezidiwa na mavazi yake mwenyewe. Galileo aliliandika jambo hili mwaka 1638: mwili ukikua, uzito unakimbia mbele kuliko uimara wa mifupa inayoubeba. Ukiufuata ukweli huo hadi mwisho, unaua uchawi. Kwa hiyo uzito nauhesabu juu ya kile anachokikanyaga, kama daraja, mtumbwi au sakafu ya mbao. Mgongo wake mwenyewe nauacha.

Kupunguza ndiko kunakonipa wasiwasi zaidi. Mtu wa kilo themanini anakuwa kilo kumi. Unamweka kapuni na kumteremsha kisimani kwa kamba. Anaweza kujibana kwenye ufa ambao mtoto angeshindwa kuupita. Lakini mchawi akichomwa mshale, lazima ajaribu kulinda umakini, na akishindwa afsuni inakatika papo hapo huku mwenzake yuko katikati ya jiwe. Maelezo ya afsuni hayasemi kinachofuata. Mimi namsukuma mpaka kwenye uwazi ulio karibu zaidi, akiwa amechubuka lakini mzima, nami nawaambia hivyo kabla hajaingia. Sitaki tena mtu aende nyumbani na kimya kile.

Yule rafiki wa darajani bado anacheza nasi. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye ghala la bandari, jitu limeziba mlango, na mchawi ameshatoa unga wake wa chuma. Kabla hajatamka neno, rafiki yangu aliinua mkono, akaniuliza dari iko futi ngapi na sakafu imejengwa kwa nini. Nikamjibu futi kumi na tano, na mawe matupu. Akamgeukia mchawi, akasema, "Haya, nikuze."