Re: Mweusi unabanduka kwenye menyu, nihamie taa za LED?

Salaam ndugu yangu. Umesema menyu za hoteli ulizochapa kwa ofseti ya UV (wino unaokaushwa kwa miale ya urujuanimno) zinang'aa vizuri, ila mweusi unabanduka ukizikunja, na unauliza kama LED ingetoa chapa bora. Mimi niko Malindi, taa zote mbili, ya zebaki na ya LED, nimezifanyia kazi.

Kabla hujatoa hela, bandika selotepu juu ya mweusi kisha ivute ghafla. Ikitoka na wino ilhali juu pakavu, basi chini hapajakauka. Mweusi hufyonza miale, haifiki chini vizuri. Zima taa, ipoe, ufute kiakisi kinachoelekeza miale kwenye karatasi (vumbi na chumvi ya pwani hazina simile). Halafu angalia taa imetumika saa ngapi. Ya zebaki huchoka huku bado inawaka kama mpya, jicho litakudanganya.

LED hutoa miale ya nanomita 385 au 395 hivi, inazama zaidi, na karatasi nyembamba haijikunji kwa joto. Lakini inataka wino wake. Ukiweka wino wa taa ya zebaki utabaki unanata. Kwa vanishi ya kung'aa bado naipenda zebaki, mawimbi yake mafupi hukausha uso vizuri. Plastiki kwa LED sijaigusa, hapo wengine waseme.