Ukianza kazi ya kahawa hapa Tanga

Wengi mnaokuja kujifunza kukaanga mmekulia mabarazani, Ngamiani na kwingineko, na kahawa mnayoijua ni ile chungu: dele juu ya makaa, finjani, kashata pembeni. Naipenda mpaka leo. Ila hukaangwa mpaka ikawa nyeusi tii, ikatiwa tangawizi, na hapo kahawa ya Lushoto, ya Mbinga na ya Kagera zote huwa kitu kimoja. Anayetaka kuuza kahawa ya eneo moja, isiyochanganywa, itabidi aufundishe ulimi upya.

Na asianzie kwenye kikaangio. Panda Lushoto wakati wa kuchuma, ukae na mkulima mwenye mibuni yake michache chini ya migomba. Mchumaji mzuri huchukua tunda jekundu tu, la kijani huliacha na kulirudia baadaye. Kazi inachosha, ndiyo maana wengine hukumba tawi zima. Tunda bichi lina ukakasi ambao hakuna moto utakaouondoa, kwa hiyo usibishane bei na anayechagua.

Matunda humenywa siku ile ile, kisha buni huachwa zichachuke mpaka utelezi uachie. Usiulize ni saa ngapi, maana baridi ya mlimani huchelewesha na joto huharakisha. Chukua konzi moja, sugua ndani ya maji. Bado zinateleza? Ngoja. Zikikwaruza viganjani kama changarawe, osha hapo hapo. Zikipitiliza zitanuka siki, na siki hiyo utaikuta kikombeni. Baada ya hapo ni vichanjani, kugeuza na kugeuza mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 11 hivi.

Kisha zinashuka kwetu pwani, na hapa ndipo kazi nzuri ya mkulima hupotea kimya kimya. Hewa ya bahari ina unyevu, na gunia la mkonge, pamoja na fahari yetu yote, hupitisha hewa. Ndani yake weka mfuko mzito usiopitisha hewa, ufunge vizuri, uinue juu ya mbao mbali na ukuta. Buni zilizovuta unyevu hupauka, na ukizionja unapata ladha ya gunia.

Kwenye kukaanga sisemi mengi: punje zikishaanza kupasuka, usiende mbali sana.

Kuonja: gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka. Baada ya dakika 4 vunja utando wa juu kwa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa. Ikipoa kidogo, ivute kwa kelele. Adabu ya mezani haihusiki hapa. Usinakili majina ya matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyala. Andika ukwaju, ubuyu, sukari guru, chungwa la Muheza. Halafu tupange vikombe vya Lushoto na Mbinga bila majina. Ukivitofautisha mara tatu mfululizo, tutakukabidhi kikaangio.